Stadi za manifoldi zilizokatikia kwenye hedi: nilivyozitoa bila kuvua hedi

Pikapu yangu ya petroli inabeba samaki kati ya Mikindani na Mtwara mjini. Juu inachuruzikiwa na maji ya chumvi, mbele inapigwa na upepo wa bahari, na anayeishi ukanda huu anajua chumvi inavyofanya mabati, baiskeli na vitasa vya milango. Kwangu ilifika hadi kwenye stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zinazoshikilia manifoldi ya moshi, bomba la chuma linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini. Injini ikiwa baridi ilikuwa ikipiga "ta-ta-ta", ikipata moto inanyamaza. Wengi waliniambia ni valvu. Lakini kwenye hedi, kichwa cha injini ambako manifoldi hufungwa, pale inapoishia gasketi inayoziba kati yao, kulikuwa na masizi meusi yaliyotawanyika kama wino, na ukisogeza vidole unausikia moshi ukikupuliza. Stadi ya mwisho ya kila upande ilikuwa imekatika.

Zikikatika za mwisho, usishangae. Manifoldi ni pande refu la chuma. Likipata moto linarefuka, likipoa linajikunja, na msukumo mkubwa unaangukia ncha zake. Hedi nayo ni alumini, ambayo kwa joto lilelile hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Stadi iko katikati ya mvutano huo miaka yote, kutu inaila shingo, mpaka siku inaachia.

Gereji ya kwanza kijana alishachomeka drili kwenye umeme kabla sijamaliza kueleza. "Bosi, hii natoboa sasa hivi, unaondoka." Nikamshukuru, nikaondoka kweli, na stadi zangu. Biti ya drili hufuata palipo laini. Ikiteleza kidogo tu kwenye chuma kigumu cha stadi inahamia kwenye alumini, na tundu la hedi likishapanuka upande mmoja, umejinunulia kazi nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kuna pia kile kifaa cha kutolea bolti, chenye meno yaliyosokotwa kinyumenyume, unatoboa stadi katikati kisha unakisokomeza humo. Mimi sikipendi kwa stadi iliyoganda kwa kutu. Fikiria: chuma kizima cha milimita 10 kimekataa kuzunguka mpaka kimekatika, wewe unataka kukizungusha kwa kijiti chembamba kuliko hicho. Tena unavyokikaza kinaipanua stadi, inazidi kubana ukuta wa tundu. Kikikatikia ndani ndiyo balaa, maana ni chuma kigumu ambacho biti ya kawaida haikigusi. Kifaa hicho ni cha bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi huku thredi zake (mikato ya uzi wa skrubu) zikiwa bado nzima na huru.

Nilianza na mafuta. Nilichanganya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikawa nadondoshea kila nikirudi kutoka sokoni, injini ikiwa imepoa, kwa sababu asetoni inashika moto upesi sana. Nati zilizobaki nilizifungua kwa kuzipasha moto nati zenyewe kwa gesi, bila kuielekezea stadi. Nati ikitanuka inaachia. Zote zikatoka, manifoldi ikavuka.

Stadi ya upande wa mbele ilikuwa imebakiza thredi chache nje. Hiyo ndiyo ya kuchomelea nati. Kwanza nilisafisha mafuta yote kwa kitambaa na brashi ya waya. Usisafishe kwa dawa ya kupuliza ya breki kisha ukachomelea: baadhi zina klorini, na zikipata joto la kuchomelea hutoa fosijeni, gesi ya sumu inayoua. Nikatoa waya za betri, klempu ya ethi, ile ya kurudisha umeme wa kuchomelea, nikaibana kwenye hedi karibu na stadi, paipu za mafuta nikazifunika kwa gunia lililolowa, na ndoo ya mchanga pembeni. Fundi wa kuchomelea akaweka nati juu ya stadi, akashusha kijiti cha kuchomelea katikati ya tundu la nati, akajaza kuanzia chini kwenda juu. Kijiti cha chuma hakishikani na alumini, kwa hiyo hata kikigusa hedi kidogo hakigandi.

Nati iling'aa nyekundu. Akataka kuweka spana palepale, nikamwambia, "Subiri, fundi, iache ife rangi." Joto linaipanua stadi inavunja kutu, halafu ikipoa inasinyaa na kuacha upenyo. Wekundu ulipokwisha nikaigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka ikanywewa ndani. Nikaivisha spana namba 14, nikawa naisogeza mbele nywele moja, nyuma nywele moja. Ikatoa mlio mkavu, "krii", na kuanzia hapo ikatoka kwa vidole, ikitema unga wa kahawia.

Ya nyuma ilikuwa ngumu zaidi, imekatikia ndani ya hedi, na nati iliyochomelewa juu yake kupitia tundu la washa (kile kiduara bapa cha chuma) ilibanduka kila mara. Nikaenda kwa mzee mmoja anayekereza vyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na manifoldi, au umekuja na maneno tu?"

Nilikuja nayo. Akapima tundu lake, akanikerezea bushi ya chuma, yaani bomba fupi la kuongoza biti: nje inaingia kwenye tundu la manifoldi bila kucheza, ndani ina tundu la milimita 5. Nikairudisha manifoldi kwenye stadi nzima, nikaikaza, nikachomeka bushi. Biti sasa haikuwa na pa kukimbilia, ilishuka katikati ya stadi yenyewe. Nilivua gurudumu na kava la tope ili drili ipate nafasi ya kunyooka. Nikapanda biti kwa biti mpaka milimita 8, nikaishia hapo. Tundu la thredi ya milimita 10 yenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi hutobolewa kwa biti ya 8.8, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ganda tu. Nikalikunja ndani kwa tindo ndogo, likatoka limejisokota kama chemchemi. Tepu, kifaa cha kukatia thredi, ikapita kuzisafisha, na alumini ilikuwa salama.

Stadi mpya nilizipaka grisi ya shaba, nati nazo nikanunua za shaba, maana hazigandani na chuma kwa urahisi. Gasketi mpya, kukaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu. Baada ya safari za wiki ile nilirudia kuzikaza injini ikiwa baridi. Ni ya nyuma tu iliyokubali kusogea kidogo.