DNA ya mikoko: kosa liko kwenye jani, si kwenye mashine

PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ikigoma, wanafunzi wa shahada ya kwanza hukimbilia kuilaumu mashine. Tazama jani kwanza. Mkoko (Rhizophora mucronata) umejaa tanini, kemikali za mmea zinazozuia PCR. Mchu (Avicennia marina) hutoa chumvi juu ya majani, kwa hiyo yafute.

Chuma jani changa, likatekate, likaushe kwa silika jeli siku hiyohiyo. Saga miligramu 20 hadi ziwe unga laini kabisa. Mimina mikrolita 700 za bafa ya CTAB 2% (sabuni ya kupasua seli) yenye PVP (hunasa tanini) na merkaptoethanoli (huzuia tanini zisioksidike), iliyokwisha kupashwa moto hadi nyuzi 65, uache dakika 45. Merkaptoethanoli ni sumu, na harufu yake hata usiulize: ifanyie ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Baada ya kuchanganya na kloroformu na kuzungusha kwenye sentrifuji, nyonya tabaka la juu tu, lenye DNA. Ukigusa utando mweupe wa katikati, umebeba protini. Kisha igandishe DNA kwa alkoholi hadi iwe donge. Donge likiwa la kahawia, tanini zimeoksidika. Likivutika kama ute wa bamia, hizo ni polisakaridi (sukari za minyororo mirefu), nazo huzuia PCR. Usilitupe: zimua DNA mara 10, urudie PCR ya rbcL (jeni ya kloroplasti inayotumika kutambua mimea), pamoja na kichupa kimoja kisicho na DNA. Hicho nacho kikitoa mstari kwenye jeli ya kutenganishia DNA, vitendanishi vyako vimechafuka.