Kamasi ya kijani siku ya tano

Mama aliketi, akampakata mwanawe wa miaka mitatu, na kabla sijauliza lolote akanikunjulia kitambaa. "Tazama, daktari. Imekuwa ya kijani." Ilikuwa siku ya tano ya mafua, usiku wa tatu bila usingizi. Dawa aliyoitaka alikuwa nayo mdomoni tayari: amoksilini, dawa ya kuua bakteria, ya jamii ya penisilini.

Miaka ya nyuma ningeiandika. Nusu dakika, karatasi mkononi, mgonjwa mwingine aingie. Nimeziandika karatasi za namna hiyo nyingi mno, na ndiyo maana naandika haya.

Rangi ile hata mimi ilinipotosha kwa muda mrefu. Inatokana na chembe nyeupe za damu zinazokimbilia puani kupambana na maambukizi. Ndani yake mna kimeng'enya chenye rangi ya kijani, na zinapokufa kwa wingi kamasi hubadilika. Hutokea hivyo hata kwa mafua ya virusi matupu, ambayo amoksilini haiyagusi. Lakini mama anayekesha na mtoto hawezi kutulizwa kwa somo la chembe za damu. Anachotaka kujua ni kama mwanawe yuko salama, na jibu la swali hilo liko kifuani mwa mtoto.

Kwa hiyo siku hizi napima kwa sauti. Nilimvua mtoto shati, nikasubiri atulie, maana akilia hesabu haifai, nikatazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Thelathini na mbili. Nikamwambia mama kwamba kwa mtoto wa umri huu tunaanza kuhofia nimonia zikifika 40. Nikamwonyesha chini ya mbavu: "Unaona hapa? Angekuwa anapumua kwa shida, pangebonyea ndani kila anapovuta hewa." Masikio: ngoma zote mbili zinang'aa, hazijavimba. Koo: jekundu kidogo, halina usaha. Kila nilichokiona nilikitamka, naye alikuwa akiinama kuangalia pamoja nami. Nilipofika kooni, mabega yake yalikuwa yameshuka.

Kisha nikamwambia neno ambalo naamini lina kazi kubwa kuliko maelezo yote ya virusi na bakteria: kikohozi hiki kinaweza kufika wiki tatu.

"Wiki tatu?"

Hakuna aliyewahi kumwambia. Wengi wetu tunadhani mafua na kikohozi ni mambo ya wiki moja. Siku ya nane mtoto bado anakohoa, mzazi anaona kuna kitu kimeharibika, anarudi, anapewa dawa. Siku ya kumi na mbili mtoto anapata nafuu, kama ambavyo angepata bila dawa, na dawa ndiyo inayosifiwa. Safari ijayo watakuja mapema zaidi. Mwaka 1997 Paul Little na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa wa koo, na moja ya waliyoyaona ni hili: waliopewa dawa papo hapo ndio walioiamini zaidi, na ndio waliosema watarudi kwa daktari koo likiwauma tena. Kundi jingine waliambiwa waje kuichukua dawa baada ya siku tatu kama hali haijatulia. Wengi wao hawakuitumia kabisa.

Kuna kijana mmoja ambaye bado namfikiria. Alikuwa na miaka kumi na saba, koo limemfunga, mafindofindo yana utando mweupe, tezi za shingo zimevimba hadi nyuma, na amechoka kupita kiasi. Nilikuwa mgeni kazini, foleni ndefu, nikaandika amoksilini bila kuzigusa zile tezi za nyuma. Baada ya siku chache alirudi na upele mwekundu mwili mzima. Alikuwa na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huvimbisha tezi hizo za nyuma, na upele huo ni jambo linalojulikana mgonjwa wa namna hiyo akipewa amoksilini. Mara nyingi si aleji ya kweli. Lakini jalada lake likaandikwa "aleji ya penisilini", na maneno hayo yakishaingia kwenye jalada ni vigumu kuyatoa. Kila daktari atakayekutana naye ataikwepa penisilini na kushika dawa pana zaidi, zinazoua bakteria wa aina nyingi, kwa sababu ya dakika nne nilizoona sina.

Wapo wanaosema sisi tunaokataa kuandika tuna mkono wa birika. Hapana. Mtoto mkubwa akija na koo lenye usaha, homa, tezi za mbele ya shingo zinazouma, na hana kikohozi, namfikiria streptokoka. Kipimo kikithibitisha, naandika penisilini bila kusita, maana bakteria huyo akiachwa anaweza kuleta homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye maambukizi ya masikio yote mawili, hali kadhalika. Dawa hizi zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea, nami nazitaka ziwe na nguvu siku watoto hawa wanapozihitaji.

Yule mama hakuondoka mikono mitupu. Nilimwandikia dawa ya homa, kijiko cha asali kabla ya kulala (asipewe aliye chini ya mwaka mmoja), na chini yake, kwa herufi kubwa, mambo ya kumrudisha hata usiku: akipumua haraka, akishindwa kunywa, akilegea, homa ikirudi baada ya kuisha. Aliisoma karatasi mara mbili. Mlangoni akageuka.

"Na siku ya kumi akiwa bado anakohoa, daktari?"

"Mlete, mama. Nitamhesabia tena."