Njia ya treni, ila kwa daladala

Mtoto wa ami yangu kaja kutoka Dar na stori zake za SGR. Kutwa treni tu, ooh Dar mpaka Moro masaa mawili hayafiki, elfu 13 unaenda, unakula kuku wako, jioni ushajirudia nyumbani, nyie huku Unguja mna nini? Nikamwambia dada, sisi treni tulikuwa nayo zamani sana. Akacheka, kadhani namtania. Basi nikamwambia vaa viatu vya kutembelea, kesho tunaifuata ilikopita.

Na si uongo. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka pale Ngome Kongwe mpaka Bububu, kama maili 7 hivi, treni ya mvuke, inakatiza mjini katikati ya nyumba za watu halafu inashika njia ya kaskazini. Wapandaji wengi walikuwa watu wetu wa kawaida lakini kulikuwa na behewa la daraja la kwanza la wageni wa meli, meli ikitia nanga wao wanapanda treni wanakwenda kukitazama kisiwa kisha wanarudi melini. Kumbe hii biashara ya kutembeza wageni ina umri wake. 1922 ikaacha kubeba abiria, ikabaki kubeba mawe, baadae nayo ikafa, na leo ukitaka kwenda Bububu bila gari lako unapanda daladala namba 502.

Tukapanda 502. Nauli haifiki buku, konda anagonga bati na kuita Bububu Bububu, bi mkubwa sogea kidogo tupate mmoja hapo, na wewe ushabanwa mpaka goti halina pa kwenda. Dada wa SGR kimya.

Tulishuka kwanza Maruhubi. Hili lilikuwa kasri la Sultani Seyyid Barghash, limejengwa 1882, likaungua 1899, miaka 17 tu. Zimebaki nguzo nene zimejipanga hazina kinachokaa juu yake, maana zilikuwa zinabeba roshani ya mbao na mbao ndo zilizokwenda na moto. Hamamu zake, yaani vyumba vya kuogea, bado unaziona. Mie napapenda hapa kuliko majumba mengi ya Mji Mkongwe, hakuna msukumano, unakaa kivulini unasikiliza mafundi wa majahazi wakigonga misumari huko pwani.

Tukadaka 502 nyengine. Mtoni hatukushuka, nikamwonyesha upande wa pwani tu, huko kwenye kasri la Seyyid Said ndiko alikozaliwa Bibi Salme 1844, yule binti Sultani aliyeondoka kisiwani 1866 akaja kuolewa na Mjerumani. Hapo dada akaamka, maswali hayaishi mpaka tumepita Kibweni na Beit el Ras, na bibi mmoja wa kiti cha mbele akageuka akaanza kumjibu yeye, mie nikapumzika.

Bububu tukanywa chai ya maziwa na mandazi kisha tukapanda kwa miguu kwenda Kidichi. Ni mlima kidogo, bodaboda zipo kama hutaki jua, lakini ukitembea ndo unapita ndani ya mashamba yenyewe, minazi, midalasini, mipilipili manga imepanda juu ya miti, na watalii wamezunguka mti mmoja wananusa majani kwa dola. Sisi tulinusa bure.

Hamamu ya Kidichi kwa nje ni jengo jeupe la makuba, ukilipita haraka hutojua ni kitu gani. Seyyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazade, mjukuu wa Shah, mfalme wa huko Uajemi, ndo maana ukutani mna nakshi za maua na ndege, tausi wamo, kitu usichokizoea kwenye majengo ya Kiislamu ya hapa kwetu. Tulimkuta mzee mmoja mlangoni, tukamwamkia, akasema karibuni wanangu, akatuelekeza walipokuwa wakichemsha maji na walipokuwa wakikaa. Dada alipiga picha mpaka simu ikaomba chaji.

Mchana tukateremka tena Bububu tukaingia 102 ya Bumbwini. Hapa reli haikufika, lakini kama ushafika Bububu, Mangapwani haiko mbali. Shuka njia panda utembee. Huko kuna chumba walimokuwa wakifichwa watumwa, kimechongwa ndani ya jiwe la matumbawe, unateremka ngazi, juu pamefunikwa zege la mawe. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1873 na chumba hiki kilichimbwa baada ya hapo, kama 1880, yaani walikuwa wanaficha watu. Humo ndani hamna la kusimulia zaidi, tulitoka upesi.

Kitu cha kuangalia ni gari za kurudi, za shamba zinakata mapema, magharibi isikukute barabarani. Tulipata chai maharage, ile gari ya wazi ya mabenchi, imejaa magunia ya muhogo, tukakaa juu ya magunia. Ukijumlisha nauli, chai, na kiingilio, elfu 13 ya dada ilikuwa haijaisha. Sasa keshaanza mwenyewe, anataka kusini, nimemwambia ni 310 ya Makunduchi, njiani tunashuka Jozani kuwaona kima punju, na safari hiyo chai analipa yeye.