Tumbo la Ishirini na Tisa

Mwezi wa Agosti mwaka 2013 nilivuka mpaka wa Holili nikiwa na begi moja la mgongoni, cheti changu cha ualimu ndani ya bahasha ya kaki, na shilingi 9,000 za Kenya nilizokuwa nimezidunduliza kwa kufundisha masomo ya ziada pale Voi. Nilikuwa na umri wa miaka 24, nimehitimu chuo, na nilikuwa nikisubiri ajira ya serikali ambayo kila mwaka ilisemekana kwamba imo njiani. Badala ya kuendelea kuisubiri barazani kwa mama yangu, niliamua kwenda kufanya kazi ya kujitolea katika nchi ya jirani, kwa sharti moja nililojiwekea mwenyewe: sitalipwa, lakini pia sitalipa.

Wazo hilo nililipata saibani, kwenye duka la intaneti. Nilikuwa nimesoma habari za WWOOF, mtandao ulioanzia Uingereza mwaka 1971, ambao humkutanisha msafiri na mkulima. Msafiri hufanya kazi shambani saa kadhaa kwa siku, mkulima humpa kitanda na chakula, na kazi ile haina mshahara wala malazi yale hayana kodi. Nikadhani shughuli zote za kujitolea duniani zinaendeshwa hivyo. Tena nilikuwa nimewaona kwa macho yangu vijana wa Kizungu wakishuka Voi na mizigo yao kwenda kufundisha katika shule za vijijini, na haikunipitikia hata siku moja kujiuliza chakula chao kinalipiwa na nani. Mji wa Moshi niliuchagua kwa kuwa ni karibu, na kwa kuwa kila aliyepita huko alinieleza kwamba wageni wa kujitolea ni wengi kama wapanda mlima, na mara nyingi ni watu walewale.

Afisa wa upande wa Tanzania aliikagua kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano kwa makini kuliko alivyonikagua mimi, kisha akauliza ninakwenda kufanya nini. Nikajibu, "Kutembea." Ndivyo watu wengi wajibuvyo mpakani, na kwa namna fulani ilikuwa kweli. Akagonga muhuri, nami nikapanda gari la Himo bila kulifikiria tena neno lile.

Nilifikia Majengo, kwa mama mmoja mjane ambaye mjomba wangu alizoea kununua kwake ndizi za kupeleka soko la Taveta. Nilikuwa nimeyapanga vizuri maneno ya kuomba chumba cha bei nafuu, lakini hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliniandalia mtori, supu nzito ya ndizi, akanitazama nikila, akaniuliza nimefuata nini. Nilipomaliza kumweleza alicheka sana. "Wenzako husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe umekuja na jembe lako mkononi, unatafuta wa kukupa shamba." Kuhusu kodi alisema kwamba tutazungumza siku ya nne.

Kesho yake, siku ya Jumanne, nilikwenda katika ofisi moja ya wakala wa watu wa kujitolea, ghorofani, mjini katikati. Dada wa mapokezi alidhani nimekuja kuomba kazi ya upagazi. Nilipomwambia kwamba ninataka kujitolea, alikaa kimya kidogo, akafungua droo, akanipa karatasi yenye picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na orodha ya bei. Bei zilikuwa za dola, kwa wiki, na chini yake palikuwa na maelezo ya yale ambayo mgeni angepata: kupokewa uwanja wa ndege wa KIA, kitanda katika nyumba ya pamoja, milo mitatu, matembezi ya siku moja kwenye maporomoko ya Materuni, na saa kumi za masomo ya Kiswahili. Nilipofika hapo penye Kiswahili nilicheka kwa sauti, naye akashindwa kujizuia. Nikamwuliza kama bei ingepungua tukiyaondoa masomo hayo.

"Hata tukikutolea Kiswahili, kaka, nyumba bado ina kodi," alisema. Halafu akaongeza, kwa upole na bila dharau hata kidogo, kwamba mpango wao ni wa wageni kutoka nje ya nchi. Nikamwonyesha pasipoti. Aliigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. "Ni kweli umetoka nje. Ila nje yako ni ya karibu mno."

Nilitoka pale nikiwa nimeudhika, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya mawakala. Sina nia ya kuwatetea hata leo, kwa sababu kati ya fedha anazolipa mgeni na sahani ya mtoto pana njia ndefu yenye mikono mingi. Lakini wakati ule niliamini kwamba nikimruka wakala na kwenda moja kwa moja kwenye kituo, mlango utafunguka wenyewe.

Jumatano nilikwenda, basi, katika kituo cha kulelea watoto yatima upande wa Pasua. Mama mlezi alinipokea jikoni, kwa kuwa ofisi ilikuwa imejaa magunia. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikapewa kigoda, nikaeleza shauri langu: ninafundisha hesabu na sayansi, sitaki hata senti moja, ninachohitaji ni mahali pa kulala na chakula kilekile wanachokula watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikiendelea kutafuta mawe. Kisha akausogeza ungo katikati yetu, nami nikaanza kuchambua pamoja naye, nikidhani kwamba hiyo ndiyo ishara ya kukubaliwa.

"Mwanangu," akasema, "hapa nina watoto ishirini na wanane. Kila jioni ninapima unga kilo sita. Wewe ni mtu mzima, utakula sehemu ya wawili. Hao wageni unaowaona wanalipa, na katika hicho wanacholipa, kinachofika hapa ndicho kinachonunua unga. Kazi wanafanya kidogo, sikatai. Yupo aliyekuwa hajui hata kuosha sufuria ya ugali. Lakini akikaa mmoja wiki moja, unga wa wiki upo. Ukija wewe na hesabu zako, watoto watajua hesabu, na mimi nitakuwa na tumbo la ishirini na tisa."

Nilitazama maharage. Nilikuwa nimevuka mpaka kuja kufundisha hesabu, na hesabu ile, ambayo mama yule alikuwa akiifanya kila jioni kwa kibaba, sikuwa nimeifanya hata mara moja. Nikajaribu kusema kwamba ningeweza kununua chakula changu mwenyewe. Akauliza nina kiasi gani. Nilipomtajia, alikigeuza kwa shilingi ya Tanzania haraka kuliko mimi, akaniambia kwamba hicho ni cha kula nikiwa njiani kurudi kwa mama yangu.

Nilibaki pale mpaka maharage yalipokwisha. Katika uwanja wa nyuma palikuwa na msichana kutoka Uholanzi aliyekuwa akiwaimbisha watoto wimbo wa kushika kichwa, mabega, magoti na vidole. Waliuimba kwa ustadi kiasi kwamba walikuwa wakimtangulia. Mama mlezi alinieleza kwamba karibu kila mgeni huanza na wimbo huo, na watoto wamekwisha kujua kwamba ni lazima wajifanye wanajifunza upya, la sivyo mgeni atasononeka. Nilipokuwa ninaaga, mtoto wa kama miaka sita alinishika suruali. Hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Utaondoka lini?" Nikamwambia kwamba ninaondoka sasa hivi. Akaonekana kuridhika na jibu hilo, pengine kwa kuwa lilikuwa la wazi, akarudi kwenye wimbo.

Shule ilikuwa tumaini langu la mwisho, nami niliitafuta mbali na katikati ya mji, mahali ambapo nilidhani wageni hawafiki. Mwalimu mkuu alifurahi aliponiona na cheti. Darasa la tano lilikuwa na wanafunzi 72, na mwalimu wa hesabu alikuwa likizo ya uzazi. Tulizungumza kama watu wa kazi moja kwa karibu nusu saa, tukakubaliana hata vipindi. Kisha akaomba kuona pasipoti.

"Umeandikiwa matembezi," akasema.

Akanieleza, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kufundisha, kwamba kazi ni kazi hata kama haina mshahara. Vibali vya ukaazi viko vya daraja A kwa wawekezaji, daraja B kwa walioajiriwa, na daraja C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wa kujitolea. Mimi ningehitaji daraja C, na maombi yangepaswa kupitia kwa taasisi inayonipokea, pamoja na barua kutoka halmashauri na ada ambayo shule haina fungu lake. Alikwishawahi kumpokea kijana mmoja kwa moyo mweupe bila kibali, na maelezo aliyotakiwa kuyaandika baadaye yalimtosha. Nikachomoa silaha yangu ya mwisho, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyokuwa imeanza kutumika mwaka 2010. Alitabasamu. "Hiyo inamzungumzia mfanyakazi mwenye mkataba. Wewe unayefanya bure, mkataba wako uko wapi? Lakini makao makuu yao yapo hapo Arusha, nauli unayo?"

Sikwenda Arusha. Nilirudi Majengo kwa miguu. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, yaani siku ya nne, na jioni nilimkumbusha mama mwenye nyumba kuhusu kodi. Aliniuliza kama nina haraka ya kurudi kwetu. Nikamjibu kwamba sina haraka yoyote, jambo ambalo lilikuwa limeanza kuniaibisha. "Basi Jumamosi twende Kibosho," akasema. "Nina kihamba changu kule."

Tuliondoka alfajiri. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kilikuwa juu kidogo ya barabara, migomba na mibuni imechanganyika, ardhi yote ikiwa na kivuli na unyevu. Sikujua kwamba siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Watu kama arobaini walikuwa wamekusanyika kando ya mfongo, ule mfereji wa asili unaoteremsha maji kutoka mlimani na kuyapitisha kwa zamu katika mashamba ya kila ukoo. Mvua za masika zilikuwa zimeujaza tope na mizizi. Mzee mmoja mwenye koti zito alikuwa na daftari la shule, akiita nyumba moja baada ya nyingine. Ilipoitwa nyumba ya marehemu mume wa mwenyeji wangu, watu kadhaa waligeuka kumtazama. Mama akanisukuma mbele kwa kiwiko.

"Yupo," akasema.

Mzee alinitazama juu hadi chini. Hakuuliza cheti, wala nimetoka wapi, wala nitakaa muda gani. Aliweka alama ya vema kwenye daftari, nikapewa koleo.

Nimefanya kazi nyingi za mikono katika maisha yangu, lakini tope la mfongo ule lilikuwa la namna ya peke yake. Ukilichota, linang'ang'ania koleo kana kwamba lina mwenyewe huko chini; ukilirusha ukingoni, nusu yake inarudi na kukupata shingoni. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee wa makamo ambaye kila baada ya hatua kumi alisimama kunirekebisha: nisichimbe chini ya jiwe la msingi, nisipanue ukingo wa kulia, kwa sababu maji yakitoroka upande huo yataingia kwa jirani nje ya zamu yake na Jumatatu patakuwa na kesi. Kufikia saa sita viganja vyangu vilikuwa na malengelenge mawili makubwa. Kizuizi cha majani ya migomba na udongo kilipoondolewa kule juu, maji yalikuja polepole, meusi, yakisukuma takataka mbele yake, na watu wakaacha mazungumzo kuyatazama yakipita kana kwamba hawajapata kuyaona.

Baadaye tulikula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka kwenye kibuyu. Niliona fahari sana. Nikamwambia yule mzee wa makamo kwamba kwa siku tano nilikuwa nimetafuta mahali pa kujitolea nikakosa, na hatimaye nimepapata hapa. Alishangaa.

"Nani amejitolea?" akauliza. "Hapa asiyekuja anatozwa faini."

Tulipokuwa tukiteremka kwenda kupanda daladala, mama alinimalizia habari yenyewe. Mwanawe wa kiume yuko Dar es Salaam, na misaragambo miwili iliyotangulia nyumba yake haikuwa na mtu wa kushika koleo. Faini mbili zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari lile, na ya tatu ingemfanya arukwe katika zamu ya maji wakati kiangazi kikiwa kinakaza. Alisema hayo bila kuona haya. Kodi ya siku zangu, alisema, ameshaipata pale mfongoni, na chenji nitapewa kwa chakula mpaka nitakapoondoka.

Niliondoka Jumatatu. Alinisindikiza hadi stendi akiwa amejitwika mkungu wa ndizi kwa ajili ya mjomba, akauweka mwenyewe juu ya gari na kuufunga kwa kamba. Nilianza kumshukuru kwa niaba ya familia, naye akanikatisha kabla sijafika mbali: mkungu ule haukuwa zawadi, bei yake ilikuwa ileile ya siku zote, na mjomba alikuwa anaijua.