Nitawachukua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita nilifika ibadani sifa zikiwa zimekwisha, na moyoni mwangu hazikuwamo. Goti la kushoto limenigomea tangu mwezi uliopita, na daktari amenikataza kukanyaga baiskeli. Asubuhi ile mjukuu wangu alinijia na baiskeli yangu mwenyewe, ameifuta vumbi, akapigapiga keria kwa kiganja: "Babu, panda nikupeleke." Nikamwambia atangulie. Nikajikongoja na fimbo, nikasimama mara nne njiani. Sikutaka watu wanione nimebebwa.

Wiki nzima jambo hilo limenikosesha usingizi, kwa maana baiskeli nilianza kuijua kwa kubebwa. Nimekaa juu ya bomba la kati, mbele ya baba, paja limekufa ganzi, kidevu chake kinagusa utosi wangu. Sharti lake lilikuwa moja: "Shika hapa katikati, usigeuze usukani." Nilitii, na mara nyingine nilisinzia mle mle mikononi mwake.

Kuendesha nilijifunza baadaye, nikipitisha mguu chini ya bomba kwa kuwa juu yake sikufika. Kitukuu changu anajifunzia kibaiskeli kisicho na pedeli, anasukuma ardhi kwa nyayo, kama ile aliyoiunda Mjerumani Karl Drais mwaka 1817. (Tuko waamini tunaokwenda na Yesu hivyo hivyo, tumekaa juu lakini miguu iko chini inasukuma. Hilo nitalirudia siku nyingine, Bwana akipenda.)

Kisha nikawa mbebaji. Kwa zaidi ya miaka arobaini keria yangu imebeba magunia, kuni, watoto wawili wawili, na mama yangu katika miezi yake ya mwisho. Aliyewahi kubeba mtu anajua: uzito si tatizo, tatizo ni woga. Kwenye kona baiskeli hulala kidogo upande ule inakokata. Abiria akikubali, mnalala pamoja na kuinuka pamoja. Akijikaza na kuvutia upande wa pili, usukani unayumba, na mtaroni mnaingia wote wawili. Mama hakujikaza. Aliniegemeza shavu mgongoni, akalegea, nikasikia joto la pumzi yake kupitia shati.

Sasa sikilizeni Bwana anavyosema katika Isaya 46:4: "Na hata wakati wa uzee wenu mimi ndiye, na hata wakati wa mvi nitawachukua ninyi." Nimelihubiri andiko hili misibani na kwenye vitanda vya wagonjwa. Nililipenda sana lilipokuwa la wengine! Lilipofika kwangu, likiwa na sura ya kijana wa miaka kumi na saba aliyeshika usukani, nikalikataa.

Wazee wenzangu, mama zangu, niwaambie kwa upendo: tunamkosea Mungu hapa. Tunaomba usiku atutie nguvu, naye asubuhi anatuma mtoto, jirani, shemasi, na sisi tunajibu, "Niko sawa, usijisumbue." Unaficha maumivu wanao wasijue. Unalala na njaa kuliko kumwambia mkweo. Tunauita unyenyekevu, kumbe ni kiburi kilichovaa nguo za ibada. Petro naye alisema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," akajibiwa, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Ni huyo huyo Petro aliyeambiwa baadaye kwamba akiwa mzee atanyosha mikono, na mwingine atamfunga na kumchukua. Nyosha mikono, mpendwa. Aliyekutoa tumboni mwa mama yako hakukuuliza kama unaweza kutembea. Usimnyime kijana baraka uliyoionja wewe ulipombeba mama yako. Legea. Kona hii Bwana anaijua.

Mjukuu wangu nimemwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kutafuta pampu.

Leo Jumamosi nimekunja kipande cha blanketi kuukuu mara nne, nimekifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kesho anakuja saa mbili. Ameniuliza kama nitashika kiti au kiuno chake. Nimemwambia kiuno.