Kopo la Kiwi, vizibo vinne na rangi za maji

Wenye maboksi ya rangi ya kununua, hongereni. Langu ni kopo la Kiwi, lile kubwa kidogo. Nililifuta kwa mafuta ya taa, nikaliosha kwa sabuni hadi harufu ya dawa ya viatu ikaisha, kisha nikapaka kifuniko ndani rangi ya kucha nyeupe, mara mbili. Hapo ndipo ninapochanganyia. Pasipo weupe, kila rangi itakudanganya.

Ndani nimegandisha vizibo vinne vya soda kwa supaglu. Rangi ya tyubu usiijaze kwa mkupuo: kamua kidogo, iache ikauke, ndipo uongeze, la sivyo inasinyaa na kupasuka. Na kwa joto hili la Moshi, hasa Januari, hubanduka kabisa, kwa hiyo mimi huchanganya tone la gliserini ya dukani. Tone, si kijiko!

Nina bluu mbili, njano na nyekundu ya udongo. Nyeupe sibebi: theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni karatasi yenyewe, usiiguse. Ila wahi asubuhi, mara nyingi saa nne mawingu yameshaufunga mlima. Maji nabeba kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.