Kifundo Kinachosubiri na Tezi Inayotuna

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii tunakaa na 1 Wakorintho 12, aya ya 22 na ya 26. Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajika zaidi.

Moyo unasifiwa sana, lakini anayeuamsha ni kifundo chembamba kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, urefu wake kama sentimita moja na nusu. Kinaitwa nodi ya SA. Chenyewe hutoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika, bila kuamriwa na akili yako. Cheche ikishafika katikati, nodi ya pili, AV, huizuia kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Anayesafiri kwa reli ya zamani kati ya Kigoma na Tabora anaelewa: njia ni moja, treni haitoki stesheni mpaka mbele kuwe wazi. Bila kusubiri huko, vyumba vya chini vingejikaza kabla havijajaa damu. Na nodi ya SA ikichoka, AV hushika usukani, ingawa polepole, 40 hadi 60 kwa dakika. Tunaona neema kubwa hapo.

Yapime mapigo yako. Pumzika dakika 5, weka vidole viwili (si gumba, maana gumba lina pigo lake) kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Mapigo yakirukaruka, au yakiwa chini ya 50 huku unaona kizunguzungu au unazimia, nenda hospitali ukapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Sasa aya ya 26: kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia nacho. Mkata michikichi hapa kwetu Kigoma anaijua aya hii mwilini mwake. Mwiba ukimchoma kidole leo, kesho kutwa kwapa linauma, na akipapasa anakuta kitu kama punje ya haragwe kinachoteleza chini ya ngozi. Aliyejikata mguu kwa jembe hupata mtoki kwenye kinena. Jeraha liko huku, uvimbe uko kule.

Punje hiyo ni tezi ya limfu. Tunazo kama 600, nyingi shingoni, makwapani, kinenani na tumboni. Maji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu hupita humo na kuchujwa kabla ya kurudi kwenye damu. Vijidudu vya ule mwiba vikifika, chembe nyeupe huvikagua, na ile inayolingana na adui huyo huanza kuzaliana kwa wingi. Ndiyo maana tezi inatuna: iko kazini. Basi msiikande kwa nguvu, wala msiichanje kwa wembe. Toeni mwiba, osheni jeraha kwa maji safi na sabuni, ulizeni kama chanjo ya pepopunda bado inamlinda. Mstari mwekundu ukipanda mkononi au homa ikianza, ni zahanati siku hiyohiyo.

Tezi ya kuogopa mara nyingi haiumi. Ni ngumu, haisogei, inazidi kukua, au imekaa juu ya mfupa wa mtulinga. Ikipita wiki mbili bila kupungua, au ikiandamana na jasho la usiku na kukonda, inahitaji kipimo. Kifua kikuu hukaa pia kwenye tezi za shingo, hata kwa mtu asiyekohoa. Wembe hapo huacha kidonda kinachotoa usaha kwa miezi, wakati dawa zake, kwa kawaida za miezi 6, hutolewa bure katika vituo vya serikali. Upimwe VVU pia papo hapo.

Tumwombee kila aliye kwenye dozi asiikatishe. Na yule dada anayefunika shingo kwa mtandio hata jua la saa nane, Jumatatu mmoja wetu amsindikize kituoni, akae naye kwenye foleni mpaka aitwe.